Kilele Kimetoka Cheusi: Kutafuta Chanzo cha Picha Mbovu za Milima Alfajiri

Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam tumejifunzia macheo ufukweni, Coco Beach au ng'ambo ya Kigamboni. Baharini jua lenyewe ndiyo picha. Unasimama ukilitazama, linachomoza, unabonyeza mara kadhaa, unakwenda kutafuta chai na chapati. Tabia hiyo ukiibeba mpaka Moshi au Morogoro, utarudi na kadi iliyojaa picha usizozitambua. Mlimani jua ni taa tu. Kinachopigwa picha ni kilele, na kilele kina upande wake wa kumulikwa na dakika zake za kumulikwa. Ndiyo maana hapa kamera inakuja baadaye. Naanza na mahali uliposimama na saa uliyofika, kwa sababu kasoro nyingi zinazaliwa huko, na hakuna lenzi ya milioni tatu inayozirekebisha.

Kwanza fungua faili lenyewe kwenye kompyuta, likuze mpaka asilimia 100, kisha soma taarifa zake: saa iliyopigwa, kasi ya shata (muda mwanga unaoruhusiwa kuingia), tundu la lenzi (ile namba ya f), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), milimita za lenzi (namba kubwa ndiyo lenzi ndefu). Usihukumu kwa skrini ya nyuma ya kamera. Gizani skrini ile inang'aa na kila picha inaonekana nzuri. Wala usihukumu picha iliyopitia WhatsApp. Kijana mmoja aliniuliza, "Mkuu, hii lenzi imekufa?" huku picha aliyonitumia imebanwa mpaka majani ya miti yamegeuka uji. Nikamwambia aitume kama dokumenti. Lenzi ikapona.

Mlima mweusi, anga nyuma yake linawaka

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Dalili yake: umbo la mlima limekatwa kama karatasi nyeusi, pembeni pana mstari mwembamba wa mwanga, na ukijaribu kuling'arisha giza kwenye programu unapata kijivu chenye chenga, yaani punje punje. Chanzo si mwanga uliouweka kwenye kamera. Jua lilikuwa mbele yako, yaani ulisimama upande wa magharibi wa mlima, au karibu na huko.

Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi wa Juni linachomoza takriban nyuzi 23 kaskazini ya mashariki halisi, na Desemba nyuzi 23 kusini yake. Machi na Septemba, katikati, linachomoza mashariki kabisa. Kwa mpiga picha hilo ni jambo kubwa, kwa sababu uso uleule wa mlima unaweza kuwa na mwanga Januari na ukawa kivulini Julai.

Chukua Kilimanjaro. Ukiwa Moshi mjini, Kibo, kilele chake kikuu, iko kaskazini yako. Desemba hadi Februari jua linatokea kulia, nyuma ya bega lako kidogo, na ule uso wa kusini unapata mwanga wa ubavuni unaochora kila korongo. Juni na Julai jua limehamia kaskazini ya mashariki, kwa hiyo linatokea kulia lakini mbele yako, na uso unaoutazama unabaki na utusitusi. Watu wa Amboseli, ng'ambo ya Kenya, wao hali yao ni kinyume: wanautazama mlima kutoka kaskazini, na katikati ya mwaka ndipo jua linapowapendelea. Siha na maeneo yote ya Kilimanjaro Magharibi, macheo yanakupa kivuli cha mlima tu, mwezi wowote. Huko nenda jioni.

Ukitaka jua mgongoni, pita Moshi uende Njia Panda ya Himo, Marangu, au uzunguke mpaka Rombo. Rombo uko mashariki kabisa: Mawenzi, yenye mita 5,149, inakuwa mbele na Kibo nyuma yake. Mimi binafsi naona mwanga wa Rombo unabapa mno, kila kitu kimemulikwa sawasawa na mabonde hayaonekani. Himo inanipendeza zaidi, kwa kuwa vilele vyote viwili vinaonekana na mwanga unaingia kwa pembe.

Meru una siri yake. Upande wake wa mashariki uliporomoka zamani, kwa hiyo kreta imefunguka kama kiatu cha farasi kuelekea huko jua linakotoka. Ukiwa kwenye maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja ndani ya kreta na kuumulika ule mlima mdogo wa majivu uliomo. Arusha mjini, Juni, mlima huohuo unakuonyesha ubavu wa giza.

Kwa wakazi wa Dar ulio karibu zaidi ni Uluguru, na huo ndio unaowachanganya wengi. Mji wa Morogoro umekaa kaskazini-magharibi ya mlima, maana yake kutoka mjini unautazama kuelekea kusini-mashariki. Desemba jua linachomoza karibu mgongoni mwa mlima wenyewe, na kwa kuwa vilele vimeinuka karibu sana na mji, utalisubiri zaidi ya nusu saa baada ya saa ya macheo iliyoandikwa kwenye simu yako. Likishatoka limeshakuwa jeupe. Usiingie mjini. Baki barabara ya Dar, maeneo ya Mikese na Kingolwira, ambako mlima uko magharibi na kusini-magharibi yako. Pale jua linakuwa mgongoni au ubavuni mwaka mzima. Watu wanapapita kila siku ndani ya basi wakiwa wamelala.

Lushoto, pale Irente, usiende alfajiri kwa ajili ya jabali. Genge lile linatazama tambarare upande wa machweo.

Kuna mahali ambapo mlima mweusi ndio hasa unaoutaka. Wanaopanda Kibo usiku wakafika Gilman's Point, mita 5,685, kunapokucha, wanaona jua likitokea upande wa Mawenzi, na meno yale ya miamba yakiwa meusi mbele ya anga la chungwa huwezi kuomba zaidi. Hapo pima mwanga wa anga, uache mlima uwe mweusi tii, na usijaribu kuuokoa.

Rangi ya waridi hukuikuta

Tazama saa ya picha yako ya kwanza. Kama ni saa ile ya macheo au baada yake, umechelewa, hata kama ulikuwa pale kabla jua halijaonekana.

Kilele kirefu kinaliona jua kabla yako. Kibo ina mita 5,895, na kwa kimo hicho upeo wake uko mbali kuliko wako wewe uliye tambarare. Mwanga wa kwanza unaigusa takriban dakika kumi kabla jua halijachomoza kwa mtu aliye bondeni. Hapo ndipo waridi inapokaa. Jua la upeoni limepita kwenye hewa nyingi, buluu imetawanyika njiani, na kinachofika kwenye barafu ni wekundu. Halafu jua letu linapanda wima: kwenye ikweta linapanda nyuzi moja kila dakika nne, na rangi inageuka njano, kisha nyeupe, upesi mno. Wazungu kwenye video zao wanasema "saa ya dhahabu". Huko kwao jua linapanda kwa mshazari na saa inafika kweli. Hapa ihesabu kama nusu saa.

Moshi jua linachomoza kati ya saa 12:05 na saa 12:40 asubuhi, kutegemea mwezi. Mapema zaidi ni mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa Februari na Julai. Toa dakika ishirini za utusitusi, toa dakika za kusimamisha tripodi na kutafuta fokasi gizani. Saa 11:15 uwe umesimama mahali pako. Bodaboda umpange jioni, tena umpigie simu kabla hujalala.

Ratiba ya safari nayo ni chanzo cha kasoro hii. Basi la Moshi linalotoka stendi ya Magufuli asubuhi linatembea kilomita zisizopungua 550, linakufikisha mchana au jioni wakati mlima umeshafunikwa. Nafasi yako ya kwanza ni kesho yake. Mtu anayepanga kulala usiku mmoja tu anacheza bahati nasibu. Morogoro, tangu treni ya SGR ianze 2024, kwenda ni chini ya saa mbili, lakini hakuna treni itakayokufikisha kabla ya alfajiri kwa ajili ya picha, utalala huko.

Mlima haupo

Wingu tu. Mlima wa kitropiki unajifunika wenyewe: jua likipasha mteremko, hewa yenye unyevu kutoka msituni inapanda, inapoa, inageuka wingu. Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi Kibo mara nyingi imeshavaa kofia. Hilo halihitaji dawa zaidi ya kuwahi.

Wingu lililokuwepo tangu usiku ni jambo jingine, nalo linakwenda na msimu. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Novemba na Desemba, utapata siku za bahati katikati ya siku nyingi za hasara. Januari na Februari ndio wakati wangu wa kwanza. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unaleta mawingu ya chini yanayokaa upande wa kusini. Moshi hamuoni kitu, na kumbe waliopanda juu wanapiga picha ya kilele kikielea juu ya bahari ya mawingu. Septemba na Oktoba mawingu yanapungua lakini moshi wa mashamba yanayochomwa unaongezeka. Uluguru, unaopokea mvua za Bahari ya Hindi na kutupatia maji ya mto Ruvu, una ukungu hata kiangazi; ule nakushauri usiukimbie, kwa sababu kilele kinachochungulia katikati ya ukungu ni picha nzuri kuliko kilele kitupu.

Wapo wanaolalamika kwamba mlima upo lakini "theluji hamna". Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na imeendelea kupungua. Ukilinganisha picha yako na kalenda ya ukutani kwa babu, kamera haina kosa. Weupe mwingi unaouona siku hizi ni theluji mpya, kwa hiyo nenda siku mbili tatu baada ya mvua kukatika.

Kilele kimeungua, au chini pamekuwa lami

Zote mbili zina chanzo kimoja. Mwanga umefika kileleni, bado haujafika bondeni, na tofauti ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba kwa picha moja. Kamera ikiachiwa iamue, inaona giza kubwa la migomba na mashamba, inafungua mwanga, na barafu inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu. Kilichoungua hakirudi. Kilicho gizani kinaweza kuinuliwa kiasi.

Kwa hiyo pima mwanga kwenye kilele: weka upimaji wa nukta, au tumia kitufe cha +/- ushuke mpaka histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, isigonge ukuta wa kulia. Washa lile onyo la sehemu zinazometa. Piga faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kama giza la chini ni muhimu kwako, piga picha tatu mfululizo kwenye tripodi, moja ya kawaida, moja pungufu kwa stopu mbili, moja zaidi kwa stopu mbili (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu yake), uziunganishe nyumbani. Filta ile ambayo nusu yake ya juu ni nyeusi inafanya kazi vizuri baharini kwa sababu upeo umenyooka. Mlimani kilele kinaingia kwenye ile nusu nyeusi nacho kinatiwa giza, ndiyo maana watu wengi walionunua filta hizo kwa ajili ya Coco Beach hawazipendi wakifika Moshi.

Jua likishapanda na theluji mpya ikajaa kwenye fremu, kosa linageuka: kamera inaiona nyeupe nyingi, inaibana, theluji inatoka ya kijivu. Hapo panda stopu moja.

Ilikuwa waridi, picha imetoka maji ya kunde

Mizani ya weupe imeachwa otomatiki. Kazi ya otomatiki ni kuondoa rangi iliyotawala, na alfajiri rangi iliyotawala ndiyo uliyoifuata. Iweke kwenye alama ya jua, kama Kelvin 5,200 hivi, uiache hapo mpaka asubuhi iishe. Kama ulipiga RAW, badilisha sasa hivi kwenye kompyuta, rangi itarudi. Kama ni JPEG, utarudisha kidogo tu.

Picha haiko shapu

Neno hili linabeba magonjwa matano tofauti, na watu wanayatibu yote kwa kununua lenzi. Kuza picha, utazame kingo.

Kingo zimejirudia upande mmoja, kama mtu aliyeandika kalamu ikateleza: kamera ilitikisika. Angalia kasi ya shata. Bila tripodi, kanuni ya zamani bado inafaa: lenzi ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Na tripodi pia, usibonyeze kwa kidole; tumia taima ya sekunde mbili au rimoti. Usiinue ile nguzo ya katikati. Ning'iniza begi chini yake kama kuna upepo, lakini liguse ardhi, vinginevyo begi lenyewe linabembea. Lenzi za zamani zenye kizuia mtikisiko, kizime ukiwa kwenye tripodi. Baadhi zinautafuta mtikisiko usiokuwepo mpaka zinautengeneza.

Mlima umelainika sawasawa katika picha zote, na majani ya karibu ni makali: fokasi ilishika karibu. Gizani fokasi otomatiki inashika chochote chenye mpaka, hata waya wa senyenge. Izime. Kuza skrini ya nyuma mara kumi, tafuta nyota, taa ya mbali, au mstari wa kilele ukianza kujichora, zungusha kwa mkono mpaka kinyooke. Halafu bandika kipande cha selotepu kwenye pete ya fokasi. Usiamini alama ya ukomo iliyochorwa kwenye lenzi. Nyingi zinapita kidogo.

Majani ni makali, mlima umelainika, lakini kila picha imelainika kivyake, na mstari wa kilele unayumba kama umechorwa na mlevi: hiyo ni hewa. Kutoka Moshi mpaka Kibo kuna kilomita zaidi ya 30 za hewa, na lenzi ndefu inazikuza zote. Joto linalotoka kwenye lami, mabati na kuta zilizohifadhi jua la jana linaichezesha. Usipige ukiwa juu ya paa la hoteli wala kupitia dirisha lililo wazi la chumba chenye joto. Tafuta shamba, sehemu iliyoinuka, na piga mapema. Piga nyingi uchague. Kati ya kumi moja inakuwa imetulia. Hakuna lenzi, hata ya bei ya pikipiki, itakayoishinda hewa.

Picha nzima ina punje za rangi, hasa kwenye giza: chenga. ISO iko juu, au ulipiga giza mno ukaliinua nyumbani. Kwenye tripodi mlima haukimbii popote. Rudi ISO 100 uache shata ikae wazi sekunde mbili, nne, nane.

Picha nzima imelainika kidogo tu, hakuna kilichotikisika, na taarifa zinasema f/22: mwanga unapopita kwenye tundu dogo mno unatawanyika. f/8 mpaka f/11 zinatosha kwa karibu kila mlima.

Utando mweupe, kama picha imepigwa nyuma ya chandarua

Sehemu hii ni ya watu wa Pwani hasa, kwa sababu mara nyingi ugonjwa tunautoa nyumbani.

Chukua lenzi, fungua tundu lote, imulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukiitazama kwa pembe. Ukiona nyuzinyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando, hiyo ni kuvu. Inapenda unyevu, giza na hewa iliyosimama, na kabati la nguo la Dar lina vyote vitatu. Siku ya kawaida huioni kwenye picha. Jua likiigonga lenzi kwa ubavu, kama inavyotokea mlimani alfajiri, kila uzi unatawanya mwanga na picha inapoteza weusi wake. Peleka kwa fundi mapema. Ikishakula mipako ya kioo, hata ikisafishwa alama zinabaki. Kinga ni rahisi kuliko tiba: boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pakiti za silika, na kile kipimo kidogo cha unyevu ukilenga asilimia 40 hadi 50. Mchele usitumie, una vumbi. Begi la ngozi lilione kwa macho tu. Na uitumie lenzi. Isiyotumika ndiyo inayoota.

Kuvu hakuna? Tazama kioo cha mbele. Mtu aliyepiga Kigamboni Jumapili na kupanda basi Ijumaa huenda ana chumvi ya bahari kwenye filta, utando usioonekana mpaka jua liupige. Usiusugue ukiwa mkavu, chumvi na mchanga vinakwaruza. Puliza kwanza, kisha tumia maji ya kusafishia lenzi na kitambaa chake. Ile filta ya ulinzi ya bei rahisi itoe kabisa unapoelekeza kamera karibu na jua. Zile nukta za kijani zinazoelea kwenye picha nyingi zinatoka kwake.

Kama utando ulianza ghafla katikati ya kupiga, ni umande. Usiku wa anga safi kioo kinapoa kuliko hewa inayokizunguka, maji yanakaa. Weka kofia ya lenzi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni, uifunike lenzi kwa skafu kati ya picha na picha. Ugonjwa wa kinyume unatokea unapotoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia kwenye hewa nzito, au unaposhuka kutoka kwenye baridi ukaingia kwenye kibanda chenye joto: kamera nzima inatoa jasho, hata ndani. Ifungie ndani ya begi kabla hujaingia, uiache humo mpaka ilingane na chumba. Kubadilisha lenzi wakati huo ni kuyakaribisha maji kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha.

Lenzi safi, hakuna umande, na mlima bado umefifia kuwa buluu: basi ni ukungu wa hewa wenyewe. Filta ya poleraizi, ile ya kuzungusha inayochuja mng'ao, inasaidia, na inasaidia zaidi jua likiwa kwenye pembe mraba na uelekeo wa kamera, hali ambayo ukiwa Moshi ukitazama kaskazini unaipata bure. Kwenye lenzi pana usiitumie, anga litatoka na doa jeusi katikati.

Madoa meusi angani, mahali palepale kwenye kila picha

Vumbi kwenye sensa. Linaonekana zaidi ukibana tundu. Tumia puto la kupulizia, kamera ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo.

Betri imezima ilhali ilikuwa imejaa

Baridi inapunguza nguvu ya betri za lithiamu. Kibo Hut, mita 4,720, ambako watu wanaanza kupanda usiku wa manane, tayari ni baridi ambayo begi la mgongoni haliwezi kuizuia. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, simu pia. Iliyozima usiitupe, ipashe joto, itakupa picha kadhaa tena.

Mlima ulijaza anga, kwenye picha ni kichuguu

Lenzi pana inasukuma mbali kila kilicho mbali. Tumia milimita 70 hadi 200, urudi nyuma badala ya kusogea mbele, uweke kitu ambacho mtu anajua ukubwa wake: mnara wa kanisa la Marangu, mti, basi linalopita. Kwa simu, tumia lenzi yake ya pili au ya tatu, zile za mara 2 au mara 3 za kweli. Ukizidisha hapo simu inakata picha na kuitanua. Futa lenzi ya simu kwanza, mafuta ya shavuni ndiyo ukungu wa nusu ya picha ninazoletewa. Kisha shikilia kidole kwenye kilele mpaka kijifunge, ushushe mwanga taratibu.

Upinde wa mvua kwenye dirisha la ndege

Kwa wanaokwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa ndege ya alfajiri. Dirisha la ndege ni la plastiki iliyobanwa, na filta ya poleraizi mbele yake inatoa mistari ya rangi ambayo programu yoyote haiiondoi. Ivue. Sogeza lenzi karibu na dirisha bila kuligusa, ziba mwanga wa ndani kwa koti, weka shata 1/500 au zaidi. Ukitoka Dar mlima mara nyingi uko kulia, na ukirudi uko kushoto. Kaa mbele au nyuma ya bawa, na nyuma ya injini epuka, maana hewa yake ya moto inalainisha picha vilevile kama lami ya Moshi.